Petroli Iliyolala: Namna ya Kutunza Mafuta ya Injini za Mitumbwi

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni hali ya petroli ikaayo siku nyingi katika tangi au dumu kabla ya kutumiwa katika injini ndogo za mitumbwi. Maneno yetu yawahusu kwanza wale wakaao kandokando ya Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Busega, ambayo katika wilaya tano za Mkoa wa Simiyu ndiyo pekee inayogusa Ziwa Victoria. Lakini wenzetu wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu wasidhani kwamba habari hizi haziwahusu. Pampu ndogo ya kumwagilia bustani ya mboga kando ya mto hunywa petroli ile ile, ina kabureta ya namna ile ile, na huugua ugonjwa ule ule.

Wazee wetu walivuka ghuba hii kwa makasia na tanga. Mwezi wa Machi 1875 msafiri Stanley alipopita mbele ya mlango wa Mto Simiyu katika mashua yake iliyoitwa Lady Alice, naye pia alitegemea upepo na mikono ya wapiga makasia. Miaka 34 baadaye, katika mwaka 1909, Ole Evinrude wa Marekani alianza kuuza injini ndogo ya kufungwa nyuma ya mashua. Leo injini za namna hiyo zavuma katika Ziwa Victoria lote, upande wa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda. Zimefupisha safari na kuongeza mavuno. Hata hivyo zimeleta shida moja isiyokuwako zamani. Kasia halichachi likiwekwa mwezi mzima pembeni mwa nyumba, bali petroli huchacha.

Shida hii si ya fedha tu. Uvuvi wa dagaa hufanywa usiku wa giza, kwa taa, mbali na pwani, na Ziwa Victoria lajulikana kwa dhoruba zake za radi za usiku. Injini ikizima wakati huo, mtumbwi hugeuka ubavu na kupokea mawimbi kama gogo. Kwa hiyo mtu ajifunzaye kutunza petroli hajifunzi kuokoa shilingi zake peke yake, ajifunza pia kuokoa roho za watu aliowachukua.

PETROLI NI KITU GANI

Twaiona petroli kama kitu kimoja, kama maji. Sivyo. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminiko vingi vilivyochujwa katika mafuta ya ardhini. Vingine ni vyepesi sana, huanza kugeuka mvuke katika joto la nyuzi 30 au 40 tu za Selsiasi. Vingine ni vizito, havigeuki mvuke mpaka joto likaribie nyuzi 200. Kila sehemu ina kazi yake. Zile nyepesi ndizo zinazowasha injini ikiwa baridi, maana cheche ya plagi haiwezi kuwasha kimiminiko, huwasha mvuke. Zile nzito hutoa nguvu injini ikisha kupata moto.

Basi, petroli ikiwekwa vibaya, hupatwa na mambo matatu. La kwanza, sehemu nyepesi huruka na kupotea. Dumu lililofungwa vibaya huonekana kuwa limepungua kidogo tu, lakini kilichopungua ndicho kile hasa kinachohitajiwa asubuhi wakati wa kuvuta kamba ya kuwashia. Mtu huvuta mara ishirini, bega likamuuma, akailaumu injini, kumbe injini haina kosa.

La pili, petroli hushikana na oksijeni iliyomo katika hewa. Jambo hili mama wa nyumbani analijua vema kwa njia nyingine. Samli au mafuta ya alizeti yakiachwa wazi, hubadilika harufu na ladha. Na sisi tulio katika nchi ya pamba twajua kwamba mafuta ya mbegu za pamba yakichuruzika nje ya debe na kukaa siku nyingi, hufanya utando wenye kunata ambao hautoki kwa maji. Petroli nayo hufanya hivyo. Hewa huigeuza polepole, na ndani yake huzaliwa kitu kama utomvu wa mti, ambacho kikikauka huwa kigumu na kung'aa kama sandarusi. Wenye viwanda hutia katika petroli dawa ya kuzuia jambo hili, lakini dawa hiyo huliwa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Joto huongeza mwendo wake. Kama kanuni ya jumla, mabadiliko ya namna hii huenda karibu mara mbili upesi kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Mwanga wa jua huyaharakisha, na madini ya shaba vivyo hivyo.

La tatu ni maji. Tangi lisilojaa lina hewa juu ya petroli. Mchana hewa hiyo hupata joto, hutanuka na kutoka nje. Usiku hupoa, husinyaa, na tangi huvuta hewa mpya yenye unyevu wa ziwani. Unyevu huo hushika katika kuta za tangi, hugeuka matone, na matone hushuka chini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa sakafuni mwa tangi, mahali pale pale unapochota mrija wa injini. Siku kwa siku tangi huvuta pumzi namna hiyo, na maji huongezeka.

Katika nchi nyingine, kama Marekani, Brazili na Malawi, petroli huchanganywa na alkoholi, na alkoholi hupenda maji. Maji yakizidi katika mchanganyiko huo, alkoholi na maji huachana na petroli na kushuka chini pamoja. Ndiyo sababu vitabu vingi vya injini vitokavyo ng'ambo husisitiza sana habari ya alkoholi. Msomaji asishangae akikuta onyo hilo.

MAHALI PENYE HATARI

Petroli iliyochacha hudhuru hasa katika kabureta. Humo mna bakuli dogo lenye petroli kidogo, na chini yake mna jeti, yaani kipande cha shaba chenye tundu jembamba kama pini. Petroli yote iendayo katika silinda hupita katika tundu hilo.

Injini ikizimwa na kuwekwa, petroli iliyobaki katika bakuli haina kinga. Ni kidogo, na iko karibu na chuma chenye moto. Sehemu zake nyepesi huruka upesi sana, na kinachobaki ni utomvu na oili. Yaani petroli ya dumu huenda ikahitaji miezi kuharibika, lakini ile ya bakuli yaweza kuharibika katika majuma machache tu. Watu wengi hulinda dumu na kulisahau bakuli, na hapo ndipo taabu yao inapoanza.

Tundu la jeti likizibwa lote, injini haiwaki, na hasara yake ni ndogo, kwa kuwa mtu yuko bado pwani. Lakini tundu likizibwa nusu, injini huwaka vizuri, huenda polepole bila shida, na mwenyewe huondoka kwa furaha. Anapofungua moto mkubwa katikati ya ghuba, injini huomba petroli nyingi na haipati. Hewa huzidi, moto katika silinda huwa mkali kupita kiasi. Na ikiwa injini ni ya mipigo miwili, ile inayopata oili yake ndani ya petroli, kupungukiwa na petroli ni kupungukiwa na oili pia. Pistoni hupata joto, hutanuka, hukwaruza silinda, na mwisho hushikamana nayo. Mafundi husema injini imenoki. Uchafu mdogo usioonekana kwa macho umeharibu chombo ambacho kikundi kizima kilichanga fedha kukinunua.

JINSI MAMBO YANAVYOTOKEA KWETU

Mvuvi atokaye kila usiku hana sababu ya kuogopa sana petroli kuchacha, maana huimaliza kabla haijazeeka. Adui zake ni maji na taka. Wanaopaswa kuogopa ni wa namna tatu.

Kwanza ni wavuvi wa dagaa wakati wa mbalamwezi. Taa hazina nguvu mwezi unapong'aa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa katika kila mwezi. Siku hizo ni chache, na petroli ya dumu lililofungwa haitaharibika kwa ajili yake. Lakini bakuli la kabureta lililoachwa na mchanganyiko wa petroli na oili huanza kukusanya uzito. Mapumziko kumi na mawili kwa mwaka, kila moja likiacha utando wake, huleta ukoko.

Pili ni wale walio na mguu mmoja ziwani na mmoja shambani. Mvua zikianza, mwenye mtumbwi huenda kulima pamba na mahindi, na injini hukaa kibandani miezi miwili au mitatu. Anaporudi, huikuta na tangi lile lile, mrija ule ule, na petroli ile ile aliyoiacha.

Tatu ni wenye pampu za bustani. Pampu hufanya kazi wakati wa kiangazi, mito inapopungua, kisha hulala masika yote. Katika injini zote ndogo, hii ndiyo ilalayo zaidi, nayo ndiyo isiyotazamwa na mtu.

Zaidi ya hayo, petroli nyingine hufika mikononi mwetu ikiwa imekwisha kuchoka. Katika vijiji vilivyo mbali na vituo vya mafuta, watu huuza petroli katika chupa za maji au za soda zilizopangwa juu ya meza kando ya njia. Chupa hizo zapendeza macho, kwa kuwa jua hupita ndani yake. Lakini jua hilo ndilo linaloiharibu. Tena haijulikani imekaa hapo kwa muda gani, wala imechanganywa na nini. Zamani mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na wadanganyifu waliyachanganya humo ili wapate faida. Kwa sababu hiyo mwaka 2010 mamlaka ya nishati, EWURA, ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili yajulikane, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kuondoa tamaa hiyo. Hata hivyo mnunuzi mwenye busara hapendi kununua gizani.

KUNUNUA NA KUWEKA

Shauri la kwanza ni hili: nunua petroli ya kazi uliyo nayo, usinunue ya kuweka akiba ndefu. Tuseme mtumbwi hutumia lita 15 kwa usiku mmoja, na bado zimesalia siku nne kabla ya kupumzika kwa mbalamwezi. Hesabu yako ni lita 60, pamoja na kidogo cha tahadhari. Ukinunua lita 200 kwa sababu leo umepata fedha, waweza kuona umejipatia faida, kumbe umenunua kazi ya kutunza.

Nunua katika kituo chenye wanunuzi wengi. Mahali ambapo magari mengi hujaza, petroli haipati nafasi ya kuzeeka katika tangi la ardhini.

Shauri la pili lahusu chombo. Lile dumu la manjano lililoletwa na mafuta ya kupikia halikufanywa kwa ajili ya petroli. Mvuke wa petroli hupenya katika plastiki nyembamba, na plastiki yenyewe huweza kulegea. Na kama mabaki ya mafuta ya kupikia yamo ndani, yatakwenda moja kwa moja katika kabureta. Tumia chombo cha chuma kisicho na kutu, au dumu la plastiki nene lililofanywa kwa petroli, lenye kifuniko kinachobana vema. Liwe safi na kavu. Lijaze karibu lote ili hewa iwe kidogo, lakini acha nafasi kama lita moja katika kila lita 20, maana petroli hutanuka kwa joto, na chombo kisicho na nafasi chaweza kupasuka.

Liweke kivulini, mahali penye hewa, mbali na nyumba ya kulala na mbali na jiko. Andika juu yake, kwa chaki au rangi, tarehe uliyonunua. Lililotangulia kununuliwa litangulie kutumiwa.

Je, petroli hukaa muda gani? Katika chombo kilichobana na kuwekwa kivulini, kisichofunguliwa, huweza kukaa mwaka bila kuharibika. Kikisha kufunguliwa, katika nchi yenye joto la nyuzi 20 twahesabu miezi 6, na katika joto la nyuzi 30, kama mchana wa pwani ya ziwa letu, twahesabu miezi 3. Katika tangi la injini lenye tundu la hewa tusihesabu zaidi ya mwezi mmoja. Na petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, afadhali itumiwe ndani ya mwezi huo huo.

Huuzwa pia dawa ya kutia katika petroli ili ikae zaidi. Dawa hiyo yafaa, lakini hutiwa katika petroli mpya siku ya kununuliwa. Haifufui petroli iliyokwisha kuchacha, kama vile chumvi isivyoweza kufufua samaki aliyekwisha kuoza.

KUCHANGANYA OILI

Injini nyingi za mipigo miwili hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Yaani katika lita 20 za petroli tutatia mililita 400 za oili. Injini mpya, katika saa zake za kwanza, mara nyingi hutaka oili mara mbili, yaani mililita 800 kwa lita 20. Zipo injini zenye kipimo kingine, kwa hiyo kitabu cha injini yako ndicho hakimu. Tumia oili iliyofanywa kwa injini za mipigo miwili, wala si oili ya gari.

Tia kwanza petroli kidogo, kisha oili yote, tikisa vema, ndipo umalizie petroli iliyobaki. Changanya ile utakayotumia safari hiyo tu. Nyingine ikae bila oili, maana petroli tupu yaweza kutumiwa katika pikipiki ikionekana itazeeka. Mchanganyiko uliokaa siku kadhaa utikiswe tena kabla ya kutumiwa. Na mwenye injini ya mipigo minne asichanganye oili kabisa, kwa kuwa oili yake ina mahali pake.

KUILAZA INJINI

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Injini itakayopumzika zaidi ya siku chache isizimwe kwa kitufe tu. Ukisha kufika pwani salama, propela ikali ndani ya maji ya kutosha, iache injini katika mwendo mdogo kabisa, kisha chomoa mrija wa petroli. Injini itaendelea kwa dakika chache, ikinywa ile iliyomo katika bakuli, halafu itazima yenyewe. Fanya hivyo majini tu. Injini ikiungurumishwa nchi kavu, pampu yake ya maji huungua kwa dakika moja. Wala usifanye hivyo kwa mwendo wa nguvu, maana mwishoni petroli hupungua, na oili hupungua pamoja nayo.

Hata hivyo tone fulani hubaki. Chini ya bakuli la kabureta, katika injini nyingi, mna skrubu ndogo ya kumwagia. Ifungue, kinga kwa kikombe, kisha ifunge. Kazi hii haichukui muda mrefu kuliko kukunja wavu mmoja. Injini za kisasa zisizo na kabureta zina desturi nyingine, na mwenye nazo afuate kitabu chake.

Kisha funga skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi. Skrubu hiyo hufunguliwa wakati wa safari ili petroli ishuke, na hufungwa wakati wa mapumziko ili tangi lisivute pumzi. Watu wengi huiacha wazi mwaka mzima. Mwisho, isimamishe injini wima kivulini.

Kama mapumziko yatakuwa ya msimu mzima, usiache petroli katika tangi dogo. Ile isiyo na oili ipewe pikipiki. Tangi likaushwe na kufungwa.

KUIAMSHA

Siku ya kurudi ziwani, ijaribu petroli kwanza. Mimina kidogo katika chupa safi nyeupe, iache itulie robo saa, kisha itazame kwenye mwanga. Maji yakiwamo yataonekana chini, yakiwa yametengana na petroli kwa mstari. Taka nazo zitaonekana. Rangi iliyokolea kama chai ya rangi, pamoja na harufu chungu kama ya rangi ya kupaka milango, ni dalili ya kuchacha. Na petroli ambayo haijatiwa oili yaweza kujaribiwa hivi: dondoshea tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli njema hukauka upesi bila kuacha alama, bali iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Unapoimimina katika tangi, tumia faneli yenye chujio la waya laini. Itazame pia chujio ya injini, na ukamue kile kibofu cha mpira kilicho kwenye mrija. Kama ni kigumu au kina nyufa, kibadilishe.

Ikiwaka, usiende nayo mbali mara moja. Iungurumishe karibu na pwani muda wa robo saa, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zote. Tumekwisha kusema kwamba tundu lililozibwa nusu hujificha katika mwendo mdogo, kwa hiyo jaribio la mwendo mdogo peke yake si jaribio. Injini ikikohoa unapoongeza moto, au ikikubali kwenda choki ikiwa imevutwa tu, yakuambia kwamba haipati petroli ya kutosha. Itii. Rudi ukasafishe kabureta.

Kabureta husafishwa kwa petroli mpya au dawa yake, na kwa kupuliza upepo. Tundu la jeti lisichokolewe kwa waya wala sindano, maana shaba ni laini, na tundu likipanuka, kipimo cha injini kimepotea.

Na hata baada ya hayo yote, usiondoke bila makasia, nanga na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu. Injini ni mtumishi mwema, lakini hata mtumishi mwema huugua.

PETROLI ILIYOHARIBIKA IENDE WAPI

Hapa twawaomba mtusikilize sana. Petroli iliyochacha, hata ikinuka vibaya namna gani, ingali moto. Isitiwe katika taa ya mafuta wala katika karabai kwa nia ya kuokoa fedha. Taa hizo zilifanywa kwa mafuta ya taa. Zikitiwa petroli, hata kidogo, huweza kulipuka na kuteketeza nyumba pamoja na watoto waliolala. Wala isimwagwe ziwani, ambako twachota maji ya kunywa na kupata kitoweo, wala karibu na kisima.

Ile iliyozeeka kidogo tu, isiyo na maji wala utomvu, yaweza kuchanganywa kidogo kidogo na petroli mpya nyingi na kutumiwa katika injini isiyo ya safari ya majini. Ile iliyoharibika kabisa ipelekwe kwa fundi au kituo kinachokusanya mafuta machafu. Kwa hiyo dawa iliyo bora ni kutokuwa nayo, yaani kununua kwa kipimo.

Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama ukungu, huweza kufika jikoni na kurudi na moto. Jaza tangi nchi kavu, injini ikiwa imepoa, chombo kikiwa kimewekwa chini ardhini, pasiwe na sigara wala taa yenye moto. Usinyonye mrija kwa kinywa, maana petroli ikiingia katika mapafu huweza kuua.

MAMBO SABA YA KUKUMBUKA

1. Nunua petroli ya kazi iliyopo, katika kituo chenye wanunuzi wengi.
2. Iweke katika chombo kinachofaa, kilichojaa karibu chote, kivulini, pamoja na tarehe.
3. Changanya oili kwa kipimo cha kitabu, kwa safari moja tu.
4. Kabla ya mapumziko, chomoa mrija majini na umwage iliyobaki katika bakuli.
5. Funga skrubu ya hewa ya tangi.
6. Kabla ya safari, itazame petroli katika chupa, na ujaribu injini karibu na pwani kwa nguvu zote.
7. Petroli iliyoharibika isiende katika taa, wala ziwani.

Mambo haya hayahitaji elimu kubwa wala vyombo vya ghali. Yahitaji chupa moja, chaki moja, na mazoea. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kabureta ufa huo ni mwembamba kama pini, na ukuta wake ni pistoni, au ni maisha ya mtu. Basi wenye mitumbwi wawafundishe vijana wao, na vijana waliosoma wawasomee wazee maneno ya kitabu cha injini, ili kila mtumbwi uliotoka jioni kwa taa uonekane tena asubuhi ukirudi na dagaa wake.